Mama Naunakhte na Beseni la Shaba: Wanawake wa Misri ya Kale Majumbani Mwao

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za jioni.

Karatasi iliyobandikwa pale mlangoni inasema leo tutazungumza juu ya wanawake wa Misri ya kale, na nikiangalia nyuso zenu najua wapo waliomfuata Cleopatra. Mnisamehe. Cleopatra leo hayupo. Nefertiti naye hayupo, na Hatshepsut ndiyo hivyo nimeshamtaja, basi. Wale wana masanamu, wana mahekalu, wana watu wa kuwasemea. Mimi nimekuja na mama mmoja mzee ambaye hakuwahi kuvaa taji. Mke wa fundi, mama wa watoto wanane, na siku tunayokutana naye amekasirika.

Jina lake Naunakhte. Mwaka wa 3 wa utawala wa Ramesses wa Tano, yaani kama mwaka 1145 KK, mama huyu alisimama mbele ya baraza la kijiji chake, karani akiwa tayari na kalamu, akatoa wasia. Maneno yake yapo. Yameandikwa kwa wino kwenye karatasi ya mafunjo ambayo leo imetunzwa katika makumbusho ya Ashmolean, Oxford. Alianza kwa kujitambulisha: mimi ni mwanamke huru wa nchi ya Firauni. Kisha akasema, nafupisha kwa maneno yangu: nimewalea hawa wanane, nikawapa vyombo na kila kitu ambacho watu wa hali yao hupewa wanapoanza maisha. Sasa nimezeeka, na tazameni, hawanitunzi. Aliyenishika mkono nitampa mali yangu. Asiyenipa kitu, na mimi simpi.

(Sauti kutoka nyuma: “Haki yake!”)

Mmemsikia huyo. Miaka zaidi ya 3,000 imepita na bado mtu wa mstari wa nyuma anasema haki yake.

Sasa twende polepole, maana huu wasia una mambo. Watoto wake watatu wa kiume na binti mmoja walikuwa wakimletea nafaka na mafuta. Hao akawapa. Na mmoja wa hao wa kiume, mama akamwongezea beseni la shaba la kunawia, zaidi ya ndugu zake. Wengine akawakata. Na kuna binti mmoja ambaye huwa ananichekesha kila nikifika kwake: mama kampa fungu katika mali, lakini akaweka sharti kwamba zile nafaka na yale mafuta yaliyoletwa na ndugu zake asiyaguse. Mnamjua binti huyo. Kila ukoo unaye. Hakumtupa mama, lakini pishi ya nafaka hajawahi kuileta. Na mama alikuwa anahesabu.

Jambo kubwa zaidi liko kwenye hesabu ya mali. Naunakhte hakugawa mali yote ya nyumba, kwa sababu yote haikuwa yake. Desturi ya Misri ilikuwa kwamba kile ambacho mume na mke wamechuma pamoja, theluthi moja ni ya mke na theluthi mbili ni za mume. Pamoja na theluthi hiyo, mwanamke alibaki na vile alivyokuja navyo na vile alivyorithi. Kwa hiyo mama alisema wazi: hawa niliowakata hawana fungu katika theluthi yangu, ila katika theluthi mbili za baba yao watapata. Mipaka ya mali yake aliijua vizuri, akakaa ndani yake, na ndani ya mipaka ile hakuna aliyemwambia kitu.

Kipo kingine. Mume wa sasa, Khaemnun, alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa karani, mtu mwenye jina kijijini, amemzidi umri mbali sana. Aliitwa Qenherkhepeshef. Na yule mtoto aliyepewa beseni la shaba anaitwa nani? Qenherkhepeshef. Khaemnun alikaa ndani ya nyumba na mtoto wake wa kumzaa mwenye jina la marehemu mume wa mkewe, akimwita kwa jina hilo asubuhi na jioni. Nawaachia akina baba mlifikirie hilo mkifika nyumbani. (Kicheko.)

Mwaka mmoja hivi baadaye Khaemnun mwenyewe alikwenda barazani pamoja na watoto, wakatamka mbele ya watu kwamba maneno ya mama yamesimama kama alivyoyasema, na beseni ni la Qenherkhepeshef. Mume anathibitisha wasia wa mke. Tena mbele ya baraza la wanaume watupu.

Mtauliza, haya yote tumeyajuaje? Mambo ya wafalme tunayajua kwa sababu yalichongwa ukutani. Lakini ugomvi wa mama na wanawe?

Kijiji hicho leo kinaitwa Deir el-Medina. Kiko ng'ambo ya magharibi ya Mto Nile, mkabala na mji wa Luxor, kwenye bonde kavu ambalo hata mbuzi hawezi kulipenda. Waliishi humo mafundi waliochonga na kupamba makaburi ya wafalme, pamoja na wake zao na watoto. Mimi nilibahatika kufika. Kuta zimebaki fupi, nyingine kiunoni, lakini unatembea kwenye kichochoro chao na mlango wa kila nyumba unauona. Ndani ya ukuta wa kijiji nyumba zilikuwa 68 hivi, zimebanana, nyembamba, vyumba vimefuatana kimoja nyuma ya kingine kama mabehewa. Nikasimama nikajisemea, hapa ukipiga chafya jirani anakujibu.

Maji hawakuwa nayo. Yaliletwa na punda kutoka bondeni. Wakati fulani walijaribu kuchimba, wakashuka kama mita 50 chini kwenye mwamba, hawakupata hata tone. Shimo likageuzwa jalala. Na ninyi mnajua jalala la watu wanaojua kusoma na kuandika lina nini: makaratasi. Ila mafunjo yalikuwa ghali, kwa hiyo waliandika kwenye vigae vya vyungu vilivyovunjika na kwenye vipande vya mawe ya chokaa. Wafaransa walipolichimbua shimo hilo baada ya Vita Kuu ya Pili walitoa vigae vyenye maandishi zaidi ya 5,000. Madeni, orodha za kufulia, barua za mtu na dada yake. Yaani kama leo mtu angechimbua simu zetu.

Mwanamke aliyeolewa Misri aliitwa kwa cheo: nebet per. Tafsiri yake ni mwenye nyumba. Sasa sisi hapa mjini tukisema “mama mwenye nyumba” tunamfikiria yule anayegonga mlango tarehe moja kudai kodi. Kwa Wamisri ilikuwa ni yule anayetawala ndani: ghala, moto, wafanyakazi, mgawo. Na mgawo haukuwa jambo dogo, maana pesa za sarafu hazikuwepo. Fundi wa kawaida wa kijiji kile alilipwa kwa mwezi magunia 4 ya ngano ya kale na gunia 1½ la shayiri. Huo ndio mshahara. Hauliwi hivyo ulivyo. Ngano ni lazima iwe mkate, shayiri ni lazima iwe pombe, na kazi ya kugeuza mshahara uwe chakula ilikuwa ya mwanamke.

Hebu mwangalieni akisaga. Nchi ile ya piramidi, kwa muda mrefu sana wa historia yake, haikuwa na jiwe la kuzungusha. Mwanamke alipiga magoti nyuma ya jiwe lililoinama, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili, akasukuma mbele, akavuta nyuma. Ziko sanamu nyingi ndogo zinazomwonyesha hivyo: vidole vya miguu vimekunjwa chini, mabega yameinuka, uso unaangalia mbele kana kwamba amechoka kuangalia unga. Bibi yangu alikuwa na jiwe la namna hiyo nyuma ya jiko. Tulipohama nililichukua mimi, ndugu zangu wakanicheka. Katikati limezama kama sahani, na ukipitisha kiganja unahisi mahali palipolika zaidi upande wa kulia, kwa sababu bibi alikuwa na nguvu zaidi mkono wa kulia. Jiwe lililolika limekwenda wapi? Limekwenda kwenye unga. Ndiyo maana ukiangalia meno ya Wamisri wa kale, wa matajiri na wa maskini, yamesagika. Mchanga wa jangwani na vumbi la jiwe waliutafuna kila siku pamoja na mkate.

Basi kuna kigae kimoja, kiko Prague, ambacho mimi nikipewa nafasi ya kuokoa kigae kimoja tu duniani nitakimbilia hicho. Ni barua ya mwanamke aitwaye Takhentyshepse kwenda kwa dada yake, Iye. Anamwambia: nitakuletea shayiri, nisagishie, uchanganye na ngano, unitengenezee mkate, kwa sababu nimegombana na Merymaat. Merymaat ndiye mume. Kila siku anasema nitakuacha. Na ugomvi wenyewe ni kiasi cha shayiri kinachotumika kwa mkate, na mama mkwe ameingizwa humo. Mume anamwambia: mama yako hakufanyii lolote, na una ndugu wa kike na wa kiume lakini hawakujali.

Fikirini. Huyu dada hamwombi ndugu yake ushauri wa ndoa. Anaomba unga. Anataka mkate uonekane mezani kutoka kwao, ili yule bwana akome kusema hana kwao.

(Mama mmoja mstari wa mbele: “Hiyo ni jana, mwalimu, si zamani.”)

Ni jana, mama. Ni jana.

Kufua, kwa bahati nzuri, wanawake wa kijiji hiki walipunguziwa. Serikali iliwapa madobi, wanaume, waliochukua nguo za nyumba kadhaa wakazifua bondeni. Katika orodha zao za nguo zimo hata vitambaa vya hedhi, vimeandikwa kwa jina lake, katikati ya shuka na kanga za kiunoni, bila kupepesa macho. Na hedhi inatokea tena mahali ambapo hukutarajia. Makumbusho ya Uingereza, London, wana jiwe kubwa la chokaa la mwaka wa 40 wa Ramesses wa Pili. Ni daftari la mahudhurio kazini. Majina ya mafundi, tarehe walizokosa, na juu ya tarehe, kwa wino mwekundu, sababu. Huyu anaumwa. Huyu kaumwa na nge. Huyu anapika pombe. Huyu anamzika ndugu yake. Na huyu, na yule, na mwingine: mkewe yuko katika siku zake, au binti yake yuko katika siku zake.

Wataalamu wanabishana kwa nini mwanamume akose kazi kwa sababu hiyo. Wapo wanaosema aliogopewa kuingia kaburini na unajisi. Wapo wanaosema alibaki kusaidia kazi za nyumbani. Ninachojua mimi ni kwamba karani wa serikali aliandika sababu hiyo waziwazi kwenye daftari la ofisi, na msimamizi akaipokea. Nimefanya kazi maofisini miaka 30; jaribuni ninyi kuiandika kesho.

Uzazi. Hapa ningeweza kukaa mpaka usiku, lakini wenye ukumbi wameniangalia tayari. Mwanamke wa Misri hakuzaa amelala. Alichuchumaa au alipiga magoti juu ya matofali mawili, wanawake wengine wakimshika, mkunga yuko mbele. Hata alama ya maandishi yao ya neno kuzaa ni mwanamke aliyepiga magoti, kichwa cha mtoto na mikono vinatokea chini yake. Matofali yenyewe yalikuwa na mungu wake wa kike, Meskhenet. Kwa miaka mingi tuliyajua kwa maandishi tu, mpaka mwaka 2001, huko Abydos, wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipotoa tofali moja kwenye nyumba ya meya wa mji wa kale. Ni la udongo mbichi, na rangi bado iko: mama amekaa kwenye kiti, amempakata mtoto wa kiume, mwanamke mmoja nyuma yake na mwingine amepiga magoti mbele.

Ulinzi wa chumba kile hakuachiwa mungu mzuri wa sura. Alikuwepo Bes, kibeti, ulimi nje, manyoya ya simba. Alikuwepo Taweret, kiboko wa kike mwenye tumbo la mimba, kasimama kwa miguu miwili. Msicheke. Mvuvi yeyote wa ziwani atakwambia hakuna mnyama wa kuogopwa kama kiboko mwenye mtoto. Wamisri walilijua hilo, wakamweka mlangoni kwa mzazi. Baada ya kuzaa mama alikaa ndani, na hadithi yao moja ya kale inataja siku 14 za kutakasika. Sisi huku pwani tuna arobaini yetu, kwa hiyo mtawahukumu wenyewe kama walikuwa na haraka. Kunyonyesha kuliendelea mpaka miaka mitatu, na wazee wao waliwakumbusha vijana wa kiume jambo hilo walipowausia kumrudishia mama mkate mara mbili ya aliowapa.

Kabla sijatoka hapo, hiki wanafunzi wangu walikuwa wanakipenda. Waganga wao walikuwa na kipimo cha mimba. Mwanamke anakojolea kila siku mbegu za shayiri na za ngano. Zikiota, ana mimba. Zisipoota, hana. Ikitangulia shayiri ni mtoto wa kiume, ikitangulia ngano ni wa kike. Mwaka 1963 watafiti walikijaribu, na mkojo wa wajawazito uliotesha mbegu kwa kama asilimia 70 ya mara. Ubashiri wa mtoto wa kiume au wa kike ulishindwa kabisa, kwa hiyo msirudi nyumbani mkaloweka shayiri.

Ndoa sasa. Mtashangaa: sherehe ya ndoa hatuna. Hakuna kuhani, hakuna hati ya lazima ya serikali. Walisema “kuanzisha nyumba”. Mwanamke na vitu vyake wakaingia, watu wakajua, imekwisha. Hati za mali kati ya mume na mke zipo, nyingi ni za karne za mwisho za Misri, na zinahusu fedha na mashamba, si mapenzi. Kuachana nako kulikuwa vivyo hivyo. Mume aliweza kuacha, na mke aliweza kuondoka. Anaondoka na vyake.

Na hapa niondoe uvumi mmoja. Mmesikia kwamba Wamisri waliwaoa dada zao. Katika familia za wafalme, ndiyo, ilitokea. Kwa watu wa kawaida wa nyakati hizi, uvumi huo umetoka kwenye neno. Mume alimwita mkewe senet, na senet maana yake dada. Ni neno la mapenzi. Siku wataalamu wa mwaka 5000 watakapochimbua barua zetu na kukuta mwanamume anamwita mkewe “mama”, sijui watatuandika nini. (Kicheko kirefu.)

Lakini talaka nyepesi ina uchungu wake, na uchungu huo uko kwenye kigae kingine. Baba mmoja, Horemwia, anamwandikia bintiye, Tanetdjesere. Wewe ni binti yangu mwema, anasema. Kama fundi Baki atakutoa nyumbani, mimi nitachukua hatua. Nyumba ninamokaa ni ya Firauni, lakini kile chumba mbele ya ghala langu nimekijenga mwenyewe. Utakaa humo, na hakuna mtu katika nchi hii atakayekutoa.

Someni tena polepole mkifika nyumbani. Nyumba ya kazi, nyumba ya serikali. Ukiachika huwezi kubaki, kwa sababu mwenye ajira ni mume. Kwa hiyo sheria inakupa theluthi yako, inakupa sauti barazani, lakini usiku wa kwanza utalala wapi? Baba amelifikiria hilo kabla halijatokea, akahesabu vyumba, akapata kimoja ambacho ni chake kwa matofali yake. Wasomi wengi hupenda kusema mwanamke wa Misri alikuwa sawa na mwanamume mbele ya sheria. Ni kweli alishitaki, alitoa ushahidi, alinunua na kuuza, alirithi na kurithisha. Mimi nikisikia hivyo huwa nauliza juu ya kile chumba cha mbele ya ghala.

Tena kuna waliokuwa chini kuliko hao. Ule unga niliowaambia, mara nyingi haukusagwa na mwenye nyumba mwenyewe. Kijiji kilipewa watumwa wa kike wa kusaga, na kila nyumba ilikuwa na siku zake. Siku hizo ziliuzwa. Mtu aliweza kumuuzia jirani siku zake kadhaa za kusagiwa na mwanamke fulani, kama tunavyouziana zamu ya maji. Majina ya wenye nyumba tunayo kwa mamia. Ya wale waliopiga magoti kwenye jiwe, machache mno.

Mara moja moja mlango ulifunguka. Siku za Ramesses wa Kumi na Moja, alikuwepo mwanamke aitwaye Rennefer, ambaye hakujaliwa mtoto. Mumewe, Nebnefer, alimwandikisha kuwa mtoto wake, binti yake kabisa, ili akifa ndugu wa ukoo wasije kumnyang'anya mkewe nyumba. Ujanja wa kisheria huo, na mashahidi wakaitwa. Miaka ikapita. Nyumba hiyo ilikuwa imenunua mtumwa wa kike, akazaa watoto watatu, mabinti wawili na mvulana. Rennefer akawalea. Mdogo wake Rennefer akamwoa binti mkubwa. Ndipo mama huyu akasimama, akawaacha huru wote watatu na kuwafanya watoto wake, na mdogo wake yule naye akamfanya mtoto, wagawane mali sawasawa. Hati ipo, nayo iko Oxford. Wa kuuliza mama yao, yule mtumwa aliyewazaa, aliwekwa wapi katika hati hiyo, ameuliza swali zuri. Anatajwa kama aliyenunuliwa.

Kazi za nje ya nyumba nitapita haraka. Kusuka kitani, sana. Kuimba na kupiga njuga hekaluni, hata wake wa wakubwa. Kulilia maiti kwa malipo, kifua wazi na vumbi kichwani. Kuuza sokoni: kaburi la mkubwa mmoja aitwaye Kenamun lina picha ya mwanamke amekaa kwenye kibanda gatini, meli zimefika, naye anafanya biashara. Yule Mgiriki Herodotus, karne ya 5 KK, alishangaa akaandika kwamba huko Misri wanawake wako sokoni na wanaume wanasuka nyumbani. Aliandika pia kwamba wanawake hukojoa wamesimama, kwa hiyo mpokeeni kwa tahadhari. Ukarani, hapana, huo ulishikwa na wanaume, na ndiyo maana hata Naunakhte tunamsikia kupitia kalamu ya mtu mwingine.

Nimalizie kwa kujipamba, maana nimeahidiwa kupigwa nisipogusa wanja.

Wanja wao mweusi ulikuwa wa madini ya risasi, yanaitwa galena, na wa kijani ulitoka kwenye jiwe liitwalo malakiti. Walisaga, wakachanganya na mafuta, wakapaka kwa kijiti. Wanaume kwa wanawake. Dada zangu mnaotumia wanja wa manga, kile kichupa na kijiti chake mngekitambua mara moja. Nguo walipenda kitani cheupe. Na nguo ya kale kuliko zote zilizosukwa tulizonazo duniani imetoka huko, kijiji cha Tarkhan. Iko London. Mchimbuzi Mwingereza Petrie aliichimbua mwaka 1913 katika rundo la vitambaa vichafu, hakuna aliyeifungua mpaka mwaka 1977, na vipimo vya kaboni vimesema ni ya kati ya 3482 na 3102 KK. Shati la shingo ya V, mikono imekunjwa kwa mikunjo midogo midogo kama sare ya shule iliyopigwa pasi. Kwenye viwiko na makwapani lina makunyanzi. Mtu alilivaa. Alilivua kwa kulivuta kichwani, likabaki nje ndani.

Wa mwisho ni Merit. Mumewe, Kha, alikuwa msimamizi wa mafundi wa kijiji kile kile, miaka zaidi ya 200 kabla ya Naunakhte. Kaburi lao lilifunguliwa mwaka 1906 na Mwitaliano Schiaparelli, halijaguswa na mwizi, na vitu vyake viko Turin. Sanduku la Merit la vipodozi limo: chupa za alabasta, kichupa cha wanja, kitana. Wigi lake limo, la nywele za binadamu, zimesukwa na kuwekwa kwenye kabati lake refu.

Jeneza je? Merit alitangulia kufa, na inaonekana hakuna aliyetegemea. Lake lilikuwa halijatengenezwa. Lililokuwa tayari lilikuwa la mumewe, limeandikwa jina la Kha, kwa kipimo cha Kha. Akampa. Lilikuwa kubwa mno kwake. Nafasi iliyobaki pembeni ikajazwa vitambaa vya kitani, na pembeni mwa vitambaa hivyo kuna alama ya kufulia, ile anayoweka mtu ili dobi asichanganye nguo. Alama ya Kha.

Ahsanteni. Kama kuna maswali, nadhani wale vijana wa pale nyuma wana kipaza sauti.